Kipi kinapitisha joto, kipi kinapitisha umeme: mwongozo kamili wa kujipimia vitu vya nyumbani

Wengi wetu tulikariri shuleni kwamba vyuma vinapitisha joto na umeme, mbao na plastiki havipitishi, yakaisha hapo. Shida ya kukariri hivo ni kwamba maswali mawili yanageuka kuwa moja, na hapo ndo mtu anaungua mkono au anaunguza soketi. Swali la kwanza: hiki kitu kinapitisha joto kiasi gani? La pili: kinapitisha umeme kiasi gani? Majibu yanaweza kuwa tofauti kabisa kwa kitu kilekile.

Angalia koili ya birika la umeme, au ile hita ya kuchovya kwenye ndoo. Nimeshakata kadhaa zilizokufa kwa msumeno wa chuma ili nione ndani kuna nini. Nje kuna bomba la chuma, katikati kuna waya mwembamba wa nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromi) umezungushwa kama springi, na nafasi yote iliyobaki imeshindiliwa unga mweupe mpaka umekuwa mgumu kama chaki. Ule unga ni magnesiamu oksaidi. Kazi yake ni kulipitisha joto kutoka kwenye waya liende kwenye maji na wakati huohuo kuukatalia umeme usilifikie bomba. Joto pita, umeme baki humohumo. Sasa siku bomba likipata ufa, ule unga unafyonza maji, umeme nao unapata njia, ndo unasikia mtu anasema hita inapiga shoti au kila akiiwasha brekeri inakata. Hita ya hivo haitengenezwi, itupe.

Kwa hiyo humu tutapima joto peke yake, umeme peke yake, alafu tuone vinakutana wapi.

Kabla hujaanza

Tafuta betri moja ya volti 9, taa ndogo nyekundu ya LED, rezista ya omu 470 (kidude cha kupunguza mkondo wa umeme), vipande vitatu vya waya, mshumaa, maji ya moto na vipande viwili vya barafu vinavyolingana. Ukiwa na multimita (kile kipimo cha umeme cha mkononi) ndo vizuri zaidi, hata ile ya bei ya chini kabisa inatosha. Tafuta pia vipande vya waya vya aina tofauti vyenye unene unaofanana, mfano wa shaba, wa alumini, wa chuma cha kawaida na wa chuma kisichoshika kutu (stenlesi). Unene kufanana ni muhimu, nitaeleza mbele.

Alafu kitu kimoja sitaki kukirudia: hakuna jaribio lolote humu linalotumia umeme wa ukutani. Betri tu. Kama unataka kupima waya wa pasi au wa hita, chomoa plagi kabisa, usitegemee swichi, maana kuna swichi zimefungwa kwenye waya ambao sio, unazima lakini kifaa bado kina umeme.

Hatua ya 1: acha kuuamini mkono

Shika meza ya mbao, alafu shika kitasa cha chuma kwenye chumba hichohicho. Kitasa kinakuwa cha baridi, si ndio? Lakini vyote vimekaa humo usiku kucha, joto lao ni lilelile, ukiweka kipimajoto utaona namba zinafanana. Ngozi ya mkono huwa na digrii kama 33 hivi, chumba tuseme kina 25, kwa hiyo joto linatoka mkononi kwenda kwenye kitu ulichoshika. Chuma kinalichukua na kulisambaza haraka, ngozi inapoa, unasema cha baridi. Mbao inapata joto pale juu tu ulipogusa, halisogei, ngozi inabaki na joto lake. Mkono unachokuambia ni kasi ya joto kuondoka, joto la kitu chenyewe haukuambii. Ndo maana kukiwa na jua kali mambo yanageuka, chuma kilekile kinakuchoma wakati mbao iliyo pembeni yake unaikalia bila shida.

Hapa weka barafu. Kipande kimoja juu ya sufuria nzito ya alumini iliyogeuzwa, kingine juu ya kibao cha mbao. Kabla hujaanza waulize watu waliopo kipi kitayeyuka kwanza. Wengi watasema cha kwenye mbao kwa sababu mbao "ina joto". Utaona barafu ya kwenye alumini inaanza kutoa maji saa hiyohiyo, inateleza, inaisha, wakati ile ya kwenye kibao bado ina kona zake. Mi nimeifanya hii mara nyingi na kila mara kuna mtu mzima anabisha mpaka aguse mwenyewe.

Hatua ya 2: pima joto kwa nta

Hii ni njia ya zamani kweli, karne ya 18 kuna tabibu wa Kiholanzi anaitwa Jan Ingenhousz alipaka nta kwenye fimbo za metali mbalimbali, akapasha moto ncha zake, akaangalia nta inayeyuka mpaka wapi. Hadi leo bado inafundisha vizuri kuliko maneno.

Chukua zile waya zako, ziwe na urefu wa sm 15 hivi. Washa mshumaa, dondoshea matone madogo ya nta kila baada ya sm 1, acha yagande. Toboa kifuniko cha plastiki matundu manne, pitisha waya zote zitokeze chini urefu sawa, alafu weka kifuniko juu ya kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka. Kifuniko kina kazi, usikiruke, bila hicho mvuke unapanda na kuyeyusha nta kutoka nje na majibu yako yote yanakuwa uongo.

Subiri dakika kumi hivi. Shaba inaongoza, alumini inafuata, chuma nyuma yao, stenlesi karibu haijasogea. Kwa namba za vitabuni, zikihesabiwa kwa wati kwa mita kwa kila digrii, fedha ina kama 429, shaba kama 400, alumini 237, chuma 80, stenlesi 15 tu. Kioo kinakaa kwenye 1, maji 0.6, mbao kavu kati ya 0.1 na 0.2, na hewa iliyotulia 0.026.

Sasa hapa kuna kitu kinawachanganya watu. Shaba inapitisha joto mara 5 ya chuma, lakini ukipima kwa rula nta haijayeyuka umbali wa mara 5, utakuta ni mara 2 na kidogo. Kama kwenye shaba imefika sm 7, kwenye chuma itakuwa kama sm 3. Haujakosea. Joto likisafiri kwenye waya linavuja hewani njia nzima, kwa hiyo umbali unafuata kipeuo cha pili cha upitishaji, na kipeuo cha pili cha 5 ni 2.2 hivi. Na kwa kuwa kuvuja kunategemea unene wa waya, ndo maana nilisema zilingane, ukiweka chuma kinene na shaba nyembamba kama uzi chuma kinaweza kukaribia kushinda na ukaandika upuuzi.

Waya wa stenlesi kukaa palepale ndo jibu la kwa nini sufuria nyingi za stenlesi zinabandikwa sahani ya alumini au shaba chini kwenye kitako. Stenlesi peke yake inaungua pale moto ulipo na pembeni bado pa baridi. Lakini tabia hiyohiyo mbaya ndo inafanya mshikio mrefu wa stenlesi ushikike bila kitambaa.

Kuhusu hewa na maji, nikae hapa kidogo

Blanketi, sufi, foronya yenye manyoya, povu la plastiki, vyote hivyo kazi kubwa inafanywa na hewa iliyonaswa ndani, nyuzi zipo tu kuizuia hewa isitembee. Hewa ikitembea inabeba joto na kuondoka nalo, ikitulia ni kihami (kizuizi cha joto) kizuri kupita karibu kila kitu ulichonacho ndani. Anayeishinda ni yule asiyekuwa na kitu kabisa, yaani ombwe, na ndo siri ya chupa ya chai ile ambayo James Dewar aliibuni mwaka 1892, kuta mbili, katikati hewa imenyonywa.

Sasa chukua kitambaa kilichojaa hewa, kiloweshe. Hewa ya 0.026 imetoka, maji ya 0.6 yameingia, hiyo ni zaidi ya mara 20. Mimi hili nililijifunza kwa vidole. Nilikuwa na haraka, sufuria inafurika, nikanyakua kitambaa kilichokuwa karibu na sinki, kilikuwa kibichi, nikashika masikio ya sufuria. Sekunde ya kwanza hakuna kitu, ya pili nikahisi raha ya uvuguvugu, ya tatu nikawa nimeachia kila kitu maana joto lilipita lote kwa mkupuo na maji ya kwenye kitambaa yakaanza kugeuka mvuke huku yamegandamana na ngozi. Alama ilikaa wiki mbili. Kitambaa cha kushikia vyombo vya moto kiwe kikavu, kikilowa badilisha.

Hatua ya 3: tengeneza kipimo cha umeme

Mguu mrefu wa LED ndo chanya. Unganisha chanya ya betri kwenye rezista, rezista kwenye mguu mrefu, mguu mfupi uwe na waya wake unaoning'inia, na hasi ya betri iwe na waya mwingine unaoning'inia. Hizo ncha mbili zinazoning'inia ndo vidole vyako. Zigusanishe kwanza, taa iwake. Isipowaka geuza LED. Usiiruke rezista, bila hiyo betri ya volti 9 inaiua LED papo hapo, ukiwa nayo unapita mkondo wa miliampea 15 hivi ambao inauvumilia vizuri.

Uzuri wa LED ni kwamba hata mkondo mdogo sana inawaka kidogo, kwa hiyo utaona daraja tatu: inawaka kabisa, inawaka kwa kufifia, haiwaki. Kwenye multimita weka alama ya omu, gusanisha probu zake (zile ncha mbili za kugusia) kwanza uone zinasoma ngapi (mara nyingi 0.2 mpaka 0.5), hiyo utaitoa kwenye majibu yako. Usitegemee ule mlio peke yake. Multimita nyingi zinalia tu ukinzani (kiasi ambacho kitu kinauzuia umeme, kinahesabiwa kwa omu) ukiwa chini ya omu 30 au 50 hivi, kwa hiyo kuna vitu vinapitisha umeme vizuri tu ila haitalia. Na usibonyeze probu zote mbili kwa vidole vya mikono miwili, utakuwa unapima na mwili wako juu yake.

Hatua ya 4: zunguka nyumba nzima

Vijiko, sarafu, misumari, funguo, taa itawaka. Hapo hakuna cha kushangaza. Panaponoga ni hapa:

Penseli. Ichonge pande zote mbili, gusa ncha na ncha. Inawaka! Ile nyeusi ya ndani ni grafiti iliyochanganywa na udongo, ni kaboni, wala sio metali, na inapitisha umeme. Kwenye multimita utaona omu chache mpaka makumi. Chora pia mstari mnene mweusi kwenye karatasi, uupitie mara nyingi, weka ncha zikiwa karibu, taa itafifia-fifia, zisogeze mbali inakuwa hafifu zaidi mpaka inazima. Hapo umetengeneza rezista ya kubadilika kwa karatasi. Almasi nayo ni kaboni tupu lakini iko kinyume kabisa, umeme haipitishi, ila joto inapitisha mara tano ya shaba au zaidi. Kaboni ileile, mpangilio tu wa atomu.

Waya wa shaba uliotolewa kwenye mota. Unang'aa, ni shaba tupu kwa macho, unagusa... kimya. Una vanishi nyembamba juu yake. Kwangua ncha mbili kwa wembe, taa inawaka. Kopo la alumini lililochorwa nalo ni hivohivo, na chuma chenye kutu nene, na sufuria za alumini zile zilizotiwa rangi ngumu kiwandani. Ngozi ya juu inaweza kukataa umeme wakati mwili wote unapitisha. Kabla hujaandika "haipitishi" kwangua kwanza.

Maji. Ukipata maji yaliyochujwa mpaka yakawa safi kabisa (yale ya kuongezea kwenye betri ya gari yanafaa, sio asidi yake) taa haitawaka, au itakuwa ya kubahatisha. Tia sukari, koroga, bado. Tia chumvi, inawaka. Chumvi ikiyeyuka inagawanyika kuwa chembe zenye chaji zinazotembea, sukari inayeyuka lakini chembe zake hazina chaji. Utaona pia mapovu kwenye ncha za waya, usikae hapo muda mrefu, moja ya gesi zinazotoka ni klorini, kwa hiyo sekunde chache tu na dirisha liwe wazi. Maji ya bomba yana chumvichumvi zake tayari, ndo maana mikono mibichi na swichi haviendani. Ngozi kavu inaweza kusoma malaki ya omu kwenye multimita, lowesha vidole alafu pima tena uone inavyoporomoka.

Mbao kavu haipitishi. Mbao mbichi jaribu mwenyewe na multimita. Mtu anayesema "mi nasimama kwenye kibao siwezi kupigwa" inabidi aongeze "kikiwa kikavu". Na mpira nao usiuamini kwa macho, mpira mweusi wa matairi umetiwa masizi ya kaboni na mwingine unapitisha kidogo.

Kuna jamaa wa Uingereza, Stephen Gray, mwaka 1729 alikuwa anasafirisha umeme kwenye uzi mrefu wa katani ulioning'inizwa kwa nyuzi nyembamba za hariri. Hariri ikakatika kwa uzito, akaweka waya mwembamba wa shaba nyeupe badala yake, umeme wote ukapotelea hapo. Alidhani wembamba ndo ulikuwa unazuia umeme usivuje, kumbe ni hariri yenyewe. Ndo vipitishi na vihami vikaanza kutenganishwa hivo, kwa kamba iliyokatika.

Hatua ya 5: linganisha safu mbili

Sasa andika kwenye karatasi safu ya joto na safu ya umeme. Kwa metali utaona mpangilio ni uleule: fedha, shaba, alumini, chuma, stenlesi. Mwaka 1853 Wajerumani wawili, Wiedemann na Franz, walionyesha kwamba uwiano wa hizo namba mbili unakaribiana kwenye metali zote zikiwa kwenye joto moja, na sababu yake ni kwamba mbebaji ni yuleyule, elektroni zilizo huru ndani ya metali zinabeba umeme na zinabeba sehemu kubwa ya joto. Kwa hiyo kwa metali unaweza kubahatisha safu moja kutoka kwenye nyingine. Ukitoka nje ya metali bahatisho linakufa, maana joto linaweza kupita kwa atomu kutikisana zenyewe kwa zenyewe bila elektroni yoyote kuhama, ndo hivo almasi na ule unga wa kwenye koili vinafanya. Umeme hauna njia hiyo ya pili.

Hatua ya 6: tumia kwenye nyaya zako

Vitu vingi vinavyoungua nyumbani nyaya zake hazina kosa, kosa liko kwenye kiungo. Hita ya wati 2000 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 9. Tuseme plagi imelegea na pale panapogusana pana ukinzani wa omu nusu tu, namba ambayo multimita yako karibu haiioni. Kwa ampea 9, mkondo mara mkondo mara ukinzani, ni wati 40. Kile kidude cha kulehemu nyaya kwa risasi kina wati 30 au 40! Umekiweka ndani ya plastiki na kukiacha kinawaka. Nimewahi kuchomoa plagi ikabaki na jino moja limezama kwenye soketi, plastiki imeyeyuka kahawia, na skrubu ya ndani ilizunguka kwa kidole. Chomoa, fungua, kaza skrubu, safisha pale palipopauka, na soketi iliyoungua badilisha nzima. Soketi zote za ukutani ziguse tu fundi akishakata umeme kwenye meni swichi.

Shaba na alumini usizifunge moja kwa moja kwa kuzisokota. Alumini inajifunika utando mwembamba unaokataa umeme, inatanuka zaidi ya shaba ikipata joto hivo kiungo kinalegea, na unyevu ukiingia kati yao vinalana. Kuna viunganishi maalumu vya kazi hiyo.

Ekstensheni ya kuviringisha nayo, ikunjue yote kama unavuta mzigo mkubwa. Plastiki ya juu ya waya inazuia umeme na inazuia joto pia, kwa hiyo waya ukikaa mzunguko juu ya mzunguko ni kama umejifunika blanketi zake mwenyewe, za katikati zinaiva.

Mwisho, roli la waya unaloambiwa ni shaba tupu. Kuna nyaya nyingi ndani ni alumini imepakwa shaba kwa juu. Kata ncha, kwangua kwa kisu, ukiona weupe wa fedha ndani umeshajua. Kama hutaki kukwangua, pima. Shaba ya milimita za mraba 1.5, mita 100, inatakiwa isome omu 1.1 mpaka 1.2, ukishatoa ile ya probu. Alumini iliyopakwa shaba itakupa 1.7 au zaidi kwa urefu huohuo. Kapime roli zima likiwa bado limekunjwa, gusa ncha mbili tu, dakika moja inatosha, na ufanye hivo kabla hujatoa hela.